Nukta Arobaini na Moja Zilizopanda Mlimani

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza Landani kukoje, na kila nikianza kueleza najikuta nimeanzia katikati na msikilizaji keshapotea. Mwenzangu mmoja ofisini nilimsimulia mpaka chai ikapoa, mwishowe akaniuliza kama nilimwona Mfalme. Kwa hiyo nimekaa niandike mara moja, mwanzo hadi mwisho. Mambo ya viza na tiketi nayaruka, maana hata mimi nilipokuwa nayafanya nilikuwa nasinzia.

Kwa wasiojua, mimi ni mtafiti wa jamii. Kazi yangu ni kukaa na watu, kuwauliza maswali na kuandika wanachosema. Mradi wetu unajaribu kuwaweka pamoja watu wa namna yangu na wataalamu wa mito, mvua na setilaiti, ili tueleze kwa sauti moja kwa nini mto wetu wa huku Iringa unakauka kila kiangazi. Mimi niliwahoji wakulima arobaini na mmoja wa vinyungu, zile bustani za bondeni zinazolimwa mvua zikiisha, udongo ukiwa bado una unyevu. Wenzangu wa Landani walipima mto kwa vyombo na kutengeneza modeli ya kompyuta. Ripoti ya pamoja ingekwenda kwa wakubwa wa maji, na wao ndio wangeamua vinyungu vibaki au vifungwe. Niliitwa ili tuikamilishe.

Iringa hadi Addis Ababa

Mpaka Dar hakuna la kusimulia. Addis ndiko ndege ilikogoma. Walitangaza kwa lugha tatu na kwa spika zile mbovu sikuelewa hata moja, nikaona watu wanapanga foleni, nami nikapanga. Nilisimama kama saa nzima. Mbele yangu mwanaume mwenye suti ya zambarau alikuwa akihesabu watu, akinifikia ananigusa bega na kunijumlisha, kisha akanipa biskuti na chupa ya maji. Nikasema shirika hili lina huduma nzuri. Kumbe ilikuwa kwaya ya kanisa inakwenda Lagos, na yule ndiye mwalimu wao. Tulipofika kwenye dawati wakataka tiketi yangu, mwalimu akanitazama kama mwizi wa biskuti zake. Nilizirudisha zilizobaki, akazikataa.

Nilikaa uwanjani pale kwa muda wa saa saba. Kwa kukosa la kufanya nikafungua rasimu ya ripoti, ambayo kusema kweli nilipaswa kuisoma wiki moja kabla. Ukurasa wa kumi na tisa nikakuta imeandikwa kwamba majibu ya wakulima hayalingani na hali ya maji mahali wanapolima, na kwamba inapendekezwa yasitumike. Nikarudia kusoma mara tatu. Yakitolewa majibu yale, kinachobaki ni vipimo vya miaka sita tu, na katika miaka sita hiyo mto uko chini na vinyungu vipo. Mtu yeyote angesoma hapo na kusema vinyungu ndivyo vilivyoumaliza mto. Nilipanda ndege nimejaa hasira na sijui nimkasirikie nani.

Heathrow hadi Tottenham

Nilifika mimi, sanduku halikufika. Nilibaki na begi la mgongoni lenye laptop, mswaki na kanga moja, na miguuni nimevaa sandozi. Nje mvua ilikuwa haidondoki wala haiachi. Nilikuwa nimeandikiwa nipande treni gani, lakini kwenye kituo kile treni yenyewe haikuwepo, palikuwa na karatasi tu imebandikwa.

Baba mmoja mwenye sare ya usafi alinisikia nikijisemea peke yangu, akasogea. Alikuwa Mkongo, wa Bukavu.

"Mama, leo hii train haitembei. Wanatengeneza njia. Unaenda wapi?"

"Tottenham."

"Aa, hata miye ninakaa kule karibu. Usikuwe na wasiwasi, nimemaliza kazi. Twende pamoja."

Tukapanda basi, tukashuka, tukapanda jingine, tukaingia chini ya ardhi, tukatoka. Njia nzima alinieleza habari za mchungaji wake na mimi nikimweleza habari za mto. Nadhani hakuna aliyemsikiliza mwenzake, lakini tuliachana vizuri sana. Alinifikisha mpaka mlangoni kwa Dada Neema, binti wa mama yangu mkubwa, ambaye ana miaka kumi na minne huko na anafanya kazi ya kutunza wazee.

Dada Neema alinitazama miguu kwanza.

"Zawadi, umekuja na ndala October? Utakufa na pneumonia, halafu Mama Mdogo aseme mimi ndiye niliyekuua."

Alinipa koti lake na viatu vilivyonizidi namba moja. Alikuwa amepika ugali na dagaa, unga kautoa sokoni hapo hapo Tottenham, na nilikula mpaka nikaona aibu. Binti yake Imani nilimuuliza kwa Kiswahili kama ameshakula. "I'm fine, auntie," akasema, akaendelea na simu yake. Ananielewa kila neno, ila akijibu ni hivyo tu. Siku tatu za kwanza nilidhani ananidharau, mpaka nikamsikia akimfokea paka kwa Kiswahili safi cha Iringa.

Tottenham hadi chumba cha mkutano

Imani alinichorea njia kwenye karatasi: treni ya Victoria line, shuka hapa, tokea mlango huu. Nilitokea mlango mwingine. Nilifika nimechelewa, viatu vimenichubua, nikakuta watu wamekaa duara na kila mmoja ana vikaratasi vya rangi vyenye gundi. Mwanamke mwenye sauti ya upole akanipa na mimi kikaratasi na kalamu. Nikaandika jina langu, nikakibandika kifuani.

Yule mama akaja, akakibandua taratibu, akaenda kukibandika ukutani. Nilipotazama vizuri nikaona ukuta una kichwa cha habari: Tunahitaji nini kutoka upande wa pili. Upande wa watu wa mito walikuwa wameandika namba, namba zaidi, mahali halisi. Upande wetu waliandika muda, uvumilivu. Na katikati yao, "Zawadi". Watu wakapiga makofi. Mpaka leo sijui kama walinicheka au walinisifu.

Kiongozi wa mradi ni Profesa Margaret, mama mrefu anayeongea na macho yake yakiwa dirishani. Alimwita Nilesh, kijana wa modeli, aonyeshe ramani. Ramani ikaja ukutani, kijani na kahawia, haina jina la kijiji hata kimoja, na juu yake nukta arobaini na moja. Karibu zote nyekundu. Nyekundu maana yake mkulima kasema jambo moja na mto unasema jingine. Mkulima kasema mfereji wake haukukauka kiangazi kizima, modeli inasema pale alipo hakuna maji kabisa.

Nilesh hakuwa na ubaya. Alisema kwa adabu kwamba watu husahau, na pengine humpa mtafiti jibu wanalodhani analitaka. Nilimkumbuka Mama Lukelo, mmoja wa wakulima wangu, ambaye anakumbuka tarehe aliyozaliwa kila ndama wake, eti asahau mfereji wake ulikauka lini. Lakini niliitazama ramani ile na kweli sikuelewa. Nilianza kujiuliza kama niliandika vibaya, kama nilichanganya madodoso, kama kazi yangu ya miaka mitatu ilikuwa porojo. Chakula cha mchana kilikuwa mkate wa baridi uliokatwa pembetatu, wenye majani ndani. Nilikula vipande viwili bila kujua ninakula nini.

Mwishoni Profesa Margaret aliniambia Ijumaa mchana ndiyo mwisho. Kama nina maelezo, niyalete kabla ya hapo. Kama sina, mahojiano yanaondolewa. Nilesh akaniambia Alhamisi anafanyia kazi nyumbani kwao, Croydon, niende tukazitazame nukta moja moja.

Tottenham hadi Croydon

Stesheni za Croydon ziko mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, na hakuna aliyeniambia. Nilishuka isiyo yangu. Nje kuna maghorofa ya ofisi na treni ndogo inayopita katikati ya barabara pamoja na magari. Nilimwonyesha mama mmoja anuani. Hakuisoma. Aliniangalia mimi, akaliangalia faili langu, akanionyesha kwa kidole jengo kubwa la mbele. Nikaenda, nikasimama nyuma ya watu wenye mafaili kama langu. Dada wa Kinaijeria aliyekuwa mbele akaniuliza kesi yangu ni ya mwaka gani. Nikamwambia sina kesi, nina mto. Akanishauri nitafute wakili. Kumbe palikuwa ni uhamiaji, na ile ni foleni yangu ya pili isiyo yangu katika safari moja.

Nilipofika hatimaye, aliyefungua mlango ni mzee mfupi wa Kihindi, sweta na soksi nene.

"Karibu, karibu! Wewe ndiyo mtoto ya Iringa? Kamwene!"

Mtu ananiamkia Kihehe, mlangoni, Croydon. Alikuwa Mzee Jayanti, baba yake Nilesh, aliyezaliwa Iringa na kuwa na duka Miyomboni mpaka alipohama. Mwanawe hakuwahi kuniambia. Nilipomuuliza, Nilesh akasema hakuona kama lina uhusiano na data.

Mzee alileta mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, wao huiita mogo, na chai ya tangawizi. Aliniuliza habari za watu ambao nusu yao ni marehemu. Nilesh akaweka kompyuta mezani, akafungua ramani, mara hii ikiwa na majina ya vijiji na vilima. Mzee akavaa miwani, akainama.

"Nilesh, hii nukta nyekundu ni nini?"

"Bustani za wakulima, Papa."

"Bustani gani? Hapa ni mwamba. Mimi nilipita hapa na pikap ya duka miaka na miaka. Hata mbuzi hakuna. Kinyungu iko chini, huku, kwa maji." Akanigeukia. "Siku hizi watu wanalima mboga juu ya mwamba?"

Niliomba choo, nikajifungia.

Sikilizeni sasa. Miaka mitatu nyuma, kabla hajakubali kuhojiwa, Mama Lukelo aliniuliza jambo moja tu: karatasi hizi zitafika kwa bwana maji? Sheria inakataza kulima ndani ya mita sitini kutoka mtoni, na kinyungu bila maji si kinyungu. Nilimwahidi, yeye na wenzake wote arobaini, kwamba hakuna atakayejua nani analima wapi. Nikatimiza. Kila nukta niliisogeza kilomita mbili tatu, huku na kule, kama tulivyofundishwa kuwalinda watu. Kwenye nchi ya vilima kama yetu, kilomita mbili ni kuvuka bonde na kukaa kileleni. Niliandika maelezo ya jambo hilo kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu cha maelezo kilichoambatana na jedwali la majibu. Wenzangu wa Landani walichukua jedwali, kitabu hawakukifungua. Na mimi sikuwakumbusha, kwa sababu kwetu jambo hilo ni la kawaida, haliulizwi. Kwa miezi minane kompyuta yao ilikuwa ikiwatafutia wakulima wangu maji juu ya miamba.

Nilitoka nikamwambia Nilesh. Kwanza hakuelewa, kisha akaelewa, kisha akasimama.

"Miezi minane! Nani anahamisha nukta? Mahali ni mahali!"

"Na nani anachora bustani ya mtu kwenye ramani bila kuuliza kama iko pale kweli?"

"Ningejuaje?"

"Ungesoma!"

"Ungesema!"

Alisema kweli, na mimi nilisema kweli. Mzee Jayanti akamimina chai nyingine.

Nilesh akakaa. "Basi nipe nukta za kweli. Naendesha modeli tena, jioni tuna jibu."

Nilikuwa nazo. Zilikuwa kwenye laptop yangu, zimefungwa, ndani ya begi lililokuwa miguuni pangu. Mkono ulishuka mpaka kwenye zipu. Nikizitoa, watu wangu wanaaminika, na wakati huo huo nimewaweka wote arobaini na mmoja kwenye faili la mtu mwingine, kila mmoja na mahali pake kando ya mto. Nisipozitoa, Ijumaa mchana wanaitwa waongo na bonde linafungwa. Sijawahi kuchanganyikiwa namna ile. Niliogopa, nasema wazi.

"Sikupi," nikasema. "Wewe nipe mto."

"Nini?"

"Nipe maji yako yote, kila siku, kila kona. Nitayaweka mimi kwenye nukta zangu, hapa mezani. Utaona jibu, nukta hutaziona."

Akasema data ya mto haitoki nje ya timu yake, ina masharti.

"Kwa hiyo na mto nao una siri zake?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Nilesh akainuka na kuleta flashi.

Tulifanya kazi hiyo saa nne nzima. Nilesh alikaa upande wa pili wa meza, mgongo wa laptop ukimtazama, akinielekeza kwa mdomo: fungua hiki, bonyeza pale, inakuambia nini? Mimi na mambo yale ni mbingu na ardhi. Mara mbili nilifuta kila kitu. Mzee Jayanti aliweka kiti chake katikati yetu, akasema yeye ni mlinzi wa mpaka, akasinzia. Jibu lilipotoka sikulitambua, ikabidi nimsomee Nilesh namba kwa sauti. Thelathini na nane kati ya arobaini na moja, walichosema wakulima na alichopima yeye vilikuwa kitu kimoja.

Akashika kichwa. "Walikuwa wanajua mpaka wiki maji yanapopungua," akasema.

Ndipo akaona alichokuwa nacho. Vyombo vyake vina miaka sita, wakulima wana kumbukumbu ya miaka thelathini. Kama wanasema kweli kwa miaka sita anayoijua, basi anaweza kuwaamini kwa ile asiyoijua. Na kwa ile asiyoijua walisema wote jambo moja, kwamba maji yalianza kupungua miti ya mbao ilipojaa vilimani, kabla vinyungu havijatanuka. Nilifurahi mpaka nikalia. Halafu nikaacha, kwa sababu niligundua kwamba jibu lenyewe linasema pia jambo la pili. Mtu anayejua maji ya mto mpaka wiki, analima ndani ya mita sitini.

Ijumaa

Profesa Margaret alifurahi, kwa kadiri anavyofurahi, yaani aliacha kutazama dirisha. Alitaka kuandika siku hiyo hiyo kwamba bustani zote zilizofanyiwa utafiti ziko kandokando ya maji na wenye bustani ndio mashahidi wakuu. Nikasema sentensi hiyo haitoki mpaka wenyewe waisikie. Akaniambia kwa upole kwamba idhini zao tunazo, walitia saini.

"Walikubali kuulizwa," nikamwambia. "Hawakukubali kuonekana."

Nilesh, ambaye sikumtegemea, akasema anakubaliana nami. Nikapewa wiki tatu. Sanduku langu lilifika Tottenham jioni hiyo, kesho yake nikaondoka nalo bila kulifungua, na viatu vya Dada Neema nimeondoka navyo kwa bahati mbaya.

Iringa hadi kinyunguni

Wiki iliyopita nilikwenda. Tulikutana kwenye darasa la shule, nikawaeleza yote, hata upumbavu wangu. Walicheka sana kusikia wamelima juu ya mwamba. Kisha wakajadiliana, wakakasirika, wakajadiliana tena, na wakakubali, wote arobaini waliokuja. Walisema wamechoka kulima kwa kujificha. Mama Lukelo hakuja, kwa hiyo nilimfuata bondeni.

Alikuwa ndani ya mfereji, jembe mkononi, matope magotini. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo mmegundua kwamba nilisema kweli."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuwa najua."

Nikamweleza kwamba ana haki ya kukataa. Akitaka, namtoa kwenye ripoti, hakuna atakayemuuliza.

"Usinitoe kwenye ripoti," akasema. "Nitoe kwenye mita sitini."

"Hilo sina uwezo nalo, mama."

Akaegemea jembe, akanitazama kwa mshangao wa kweli, bila hasira.

"Sasa huko Landani ulikwenda kufanya nini?"

Alingoja nimjibu. Maji yalikuwa yakipita katikati ya miguu yetu, machache.